Kwa nini gemu la mieleka la 2003 bado linachezwa Tanga na la juzi linazimwa Uingereza

Tangu 2022, gemu jipya la WWE 2K, mfululizo wa magemu ya mieleka ya Kimarekani ya WWE kutoka kampuni ya 2K, hutoka kila mwezi Machi, na kila mwaka mambo huenda vilevile. Apdeti, yaani marekebisho yanayopakuliwa mtandaoni, zinafuatana, vifurushi vya wanamieleka wa ziada vinatolewa kimoja baada ya kingine, kisha kampuni inatangaza kwamba ya mwisho ndiyo hii, sasa tusubiri toleo lijalo. Mashabiki hapo hugawanyika. Wapo wanaoshukuru kwa sababu nguo za mwanamieleka wao zimerekebishwa hatimaye. Wapo wanaotaja kasoro walizoziripoti tangu mwanzo na ambazo sasa hazina wa kuzitengeneza. Na wapo wanaokesha wakipakua, wakijaza kila nafasi iliyobaki kwenye mashine. Mimi nimo katika kundi hili la tatu, na nina maneno.

Tunachokikimbilia ni kazi za mashabiki wenzetu. Magemu haya yana sehemu inaitwa Community Creations, ambako mtu anaweza kutengeneza mwanamieleka, ulingo au mkanda wa ubingwa, akaupandisha kwenye seva ya kampuni, yaani kompyuta yake ya mtandaoni, ili wengine waupakue. Humo kuna watu wenye vipaji vikubwa. Mtu anakaa wiki nzima akichora tatuu za mwanamieleka ambaye kampuni haikumweka, mpaka mtindo wa nywele zake na kovu la pajini vinapatikana. Halipwi hata senti. Anafanya kwa mapenzi tu. Sasa, apdeti ya mwisho ikishapita, baada ya miaka michache seva nayo inazimwa. Kile ulichokwisha kukipakua kinabaki kwako, lakini kilichokuwa kwenye seva kimekwenda, pamoja na jasho la aliyekitengeneza. MyFaction, ile sehemu ya kukusanya kadi ambayo watu wanaitilia pesa halisi, nayo inafungwa hivyohivyo.

Ninafanya kazi ghalani hapa Reading, Uingereza, na zamu ya usiku tuko wapenzi wa mieleka kadhaa. Nilipolalamika juu ya jambo hili, mwenzangu mmoja Mwingereza alishangaa kweli. "Utanunua jipya, shida iko wapi?" Si mtu mbaya, na hakuwa na nia ya kunikejeli. Amekulia mahali ambapo kitu kikizeeka kinaachwa na kingine kinaletwa mlangoni kesho yake. Toleo jipya linauzwa zaidi ya pauni 60, anatoa, anasahau. Mimi siwezi kusahau, kwa sababu nimetoka mahali ambapo gemu la mieleka la mwaka 2003 linachezwa mpaka leo.

Nalizungumzia Here Comes the Pain. Lilitengenezwa na Yuke's wa Japani, likatolewa na kampuni ya THQ Oktoba 2003 kwa ajili ya PS2, mashine ya gemu ya Sony, na Brock Lesnar yuko kwenye jalada. Ndimo John Cena na Batista walimoanza kuonekana katika mfululizo wa magemu ya SmackDown. Kule kwetu Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, kulikuwa na kibanda cha gemu ambacho mwenyewe tulimwita Mjomba. Mashine yake ilikuwa PS2 ile nene, lenzi imechoka, mpaka uisimamishe ubavu ndipo isome diski. Pedi zilifungwa selotepu. Unatoa shilingi 100, unakaa kwenye benchi, mshindi anabaki na mpigwa anampisha mwingine.

Gemu lile lina mchoro mdogo wa mwili pembeni ya skrini: kichwa, mikono, kiwiliwili, miguu. Kila sehemu ikipigwa inabadilika rangi mpaka inakuwa nyekundu. Watoto waliosimama nyuma ya benchi hawakutazama wanamieleka, walitazama ule mchoro. "Mguu ushaiva! Mkamate mguu!" Hapo hata ukiwa na Undertaker, mtoto wa darasa la nne akishakutia kabari ya mguu, umekwisha. Sikuwahi kusikia mtu pale akiuliza apdeti. Diski iliyokuja ndiyo diski, na kasoro zake tulizijua kama tunavyojua mashimo ya barabara ya mtaani kwetu, kila mmoja akijua pa kukanyaga.

Msimu wako ulikaa kwenye memori kadi ya megabaiti 8. Umeme ukikatika unapoteza pambano lile, lakini ulichokwisha kukihifadhi kipo. Mwanamieleka uliyemtengeneza unatembea naye mfukoni, unakwenda kumchezesha kibanda cha barabara nyingine. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka isomwe vizuri. Kadi ilikuwa mkononi mwangu, na hakuna ofisi yoyote iliyoweza kuamua kwamba sasa basi.

Nisieleweke vibaya. Diski nyingi za vibandani zilikuwa za kunakili na watengenezaji hawakuona shilingi yetu. Kazi ya mtu ilipwe, hilo naliamini, na leo nina kipato nanunua halali. Lakini diski halali duka la Tanga haikuwepo, na kama ingekuwepo bei yake ingekula mshahara wa mtu. Watu walichukua kilichowafikia, na muhimu zaidi, walikitunza.

THQ yenyewe ilifilisika, na tangu WWE 2K14 ya mwaka 2013 magemu haya yako chini ya 2K. Sony nao waliacha kutengeneza PS2 mwaka huohuo wa 2013. Kwa hesabu ya huku, habari iliishia hapo. Kule nyumbani haikuishia hapo. Mpwa wangu anacheza kwenye simu yake ya Tecno, akitumia PPSSPP, programu inayoiga PSP, mashine ndogo ya gemu ya mkononi ya Sony, ambayo ilianzishwa mwaka 2012 na Msweden mmoja, Henrik Rydgård. Kwa mifupa yake, anachokicheza ni SmackDown vs. Raw 2011, la mwisho katika mfululizo huo kutoka kwa PSP. Lakini ukilifungua unakuta Roman Reigns, mikanda mipya na muziki wa kuingilia ulingoni wa siku hizi. Mashabiki wamelivua ngozi na kulivisha nyingine, mwaka baada ya mwaka. Faili linatoka Telegram, likishafika kwa mmoja mtaani, wengine wanarushiana kwa Xender bila kutumia bando. Here Comes the Pain nalo limefanyiwa hivyohivyo. Kampuni iliachia apdeti yake ya mwisho zamani, wao wanaendelea kutoa zao.

Mwaka 2020 ulipoanza, ilionekana wazi kitu gani tumeuziwa huku. WWE 2K20, lililokwisha kulaaniwa kwa hitilafu tangu Oktoba, liligoma kufunguka tarehe 1 Januari. Saa ilipovuka mwaka tu, gemu likaanguka. Watu wakagundua wenyewe kwamba ukirudisha tarehe ya mashine hadi 2019, linacheza. Wakaishi hivyo mpaka marekebisho yalipotoka. Sasa fikiria PS2 ya kibandani, ambayo betri ya saa imekufa siku nyingi. Ukiiwasha inaamini ni mwaka 2000. Diski ya 2003 inazunguka, inafunguka, watu wanacheza.

Huku kuna watu waliolichukulia jambo hili kwa uzito. Kampuni ya Ubisoft ilipozima The Crew, gemu la magari, mwishoni mwa Machi 2024, Ross Scott, anayejulikana kwa video zake za Accursed Farms, alianzisha kampeni ya Stop Killing Games, ya kudai magemu yaliyonunuliwa yasizimwe. Sahihi zilizokusanywa katika Umoja wa Ulaya zilipita milioni 1. Za hapa Uingereza zilipita 100,000, yangu ikiwemo, na wabunge wakalijadili tarehe 3 Novemba 2025. Serikali ilijibu kwamba haina mpango wa kubadilisha sheria ya walaji. Jibu hilo limeniudhi. Nchi hii ina sheria ya kurudisha kibaniko cha mkate kilichoharibika, ina ofisi za kumlinda mnunuzi kwa kila kitu, lakini gemu nililolipia likizimwa kutoka mbali naambiwa nilipaswa kusoma masharti.

Na nyumbani msijione mko salama. Vibanda vya sasa vina PS4 na PS5, ambazo magemu yake mengi yanadai akaunti na intaneti. Watoto wanaanza kutia pesa za simu kwenye magemu ya kadi ambayo hayafunguki bila seva. Siku seva hizo zikizimwa, fundi wa mtaani hana pa kuingiza bisibisi. Ningependa ndugu zangu wanaotengeneza zile mods za PSP, yaani magemu ya zamani yaliyovishwa upya, na wenye vibanda, wawe na sauti katika mjadala huu, kwa sababu wana ushahidi wa zaidi ya miaka ishirini mikononi mwao ambao mbunge wa Uingereza hajawahi kuuona.

Ninachokidai kwa kampuni si apdeti za milele. Wafanyakazi wana haki ya kumaliza kazi na kuhamia nyingine. Nadai kwamba apdeti ya mwisho iwe na kazi maalum: ifungue milango. Kadi za MyFaction zichezeke bila mtandao. Mwanamieleka niliyemtengeneza niweze kumtoa kwenye mashine, nimweke kwenye fleshi, nimpe rafiki, kama tulivyofanya na memori kadi. Kazi za Community Creations zipakiwe zote mahali pamoja, mwenye nafasi azichukue kabla seva haijazimwa. Na wasituambie haiwezekani. Ubisoft haohao, baada ya kelele za The Crew, Oktoba 2025 waliiwekea The Crew 2 namna ya kuchezwa nje ya mtandao. Kama gemu la magari lililojengwa kutegemea seva tangu siku ya kwanza limewezekana, gemu la watu wawili ulingoni linawezekana kwa urahisi zaidi, na 2K wana pesa na mafundi wa kulifanya kabla ya Machi ijayo.