Umekuja kumwona nani?

Jumamosi ile nilishinda National Gallery, London, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na kuingia ni bure. Ndugu zangu wa Kisenyi, Kampala, wanaodhani huku tunakwenda kwenye majumba ya sanaa kwa usomi, wajue wengine tunakwenda kukausha viatu.

Mlangoni walichungulia begi langu, basi. Hakuna aliyeniuliza nimekuja kumwona nani. Kwetu Kampala, jengo likiwa na geti na bustani nzuri, swali hilo linakungoja. Ndiyo maana nilipita Nakasero miaka yote nikidhani Nommo Gallery ni ofisi ya wakubwa. Kumbe ni nyumba ya sanaa ya taifa, ipo tangu 1964!

Hazina ya hawa wa London ni picha zaidi ya 2,300. Miguu haikukubali. Nilikwama kwenye moja: kiti. Van Gogh, mchoraji wa Kiholanzi, alikichora 1888, kiti cha mbao cha manjano, kikalio cha majani ya kusuka, juu yake pana kiko na tumbaku. Nyuma kuna kasha la vitunguu vilivyoanza kuchipua, na kwenye kasha hilo ndipo alipoandika jina lake, Vincent. Kiti tu cha kukalia, na watu wanasukumana kukipiga picha.

Nikampelekea shangazi kwa WhatsApp. Akajibu: "Mwenye kiti yuko wapi? Na vitunguu vimeota, hana mke?" Nilisoma maelezo mengi ya ukutani siku ile, hakuna yaliyomfikia shangazi.

Lakini huku London nako wana kasoro zao. Makumbusho yetu ya Uganda, pale Kitante, Kampala, yaliyoanzishwa 1908, yana ukumbi wa ala za muziki. Mara ya mwisho nilipokwenda, mzee mmoja alishika adungu, kinubi cha kwetu, akaipiga mbele yetu. Watoto wa shule wakaanza kucheza, mwalimu akawakemea, halafu mabega yake mwenyewe yakamsaliti. Huku London ukisogelea fremu kidogo tu, mlinzi anakohoa.

Kinachoniuma hasa ni kichwa cha Luzira. Ni cha udongo, cha kale, kilifukuliwa 1929 pale Luzira wafungwa walipokuwa wakichimba, na leo kimo katika hazina ya British Museum, ambako nako kuingia ni bure. Kutoka Kisenyi hadi Luzira ni safari ya boda. Kukifuata London ni viza, nauli, barua ya benki, na kuulizwa dirishani unakwenda kumwona nani. Mlango wao ni bure, sibishi, ila kwa aliyekwisha kuvuka geti la kwanza.

Desemba nikija nitampeleka shangazi Kitante. Amekubali, ila ameuliza kama kuna pa kukaa.