Alibai Kuanguka Si Utambuzi Kusimama

Katika rufaa za mauaji, Mahakama ya Rufani inapofanya vikao vyake hapa Moshi, hoja mbili hukutana mara kwa mara: utambuzi, yaani shahidi anayesema alimwona mrufani akimkata marehemu, na alibai, yaani mrufani anayesema kwamba usiku huo hakuwepo kabisa eneo la tukio. Wengi huzichukulia hoja hizi kama sahani mbili za mzani mmoja, kwamba moja ikishuka nyingine lazima ipande. Sikubaliani na picha hiyo, hasa kwa kosa ambalo adhabu yake ni kunyongwa hadi kufa.

Mshtakiwa hana mzigo wa kuithibitisha alibai yake. Kifungu ambacho mawakili wamekizoea kwa namba 194 ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamtaka atoe taarifa kabla kesi haijaanza kusikilizwa, au walau atoe maelezo yake kabla Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, haijafunga ushahidi, na akichelewa, mahakama ina hiari ya kutoupa utetezi huo uzito wowote. Lakini kuunyima uzito ni jambo moja, na kuugeuza kuwa ushahidi wa kumtia hatiani ni jambo jingine. Mtu anaweza kudanganya alikokuwa kwa sababu alikuwa anapika gongo, au alilala kwa mwanamke asiye mkewe, na uongo huo peke yake haumfikishi penye mwili wa marehemu.

Ndiyo maana ningependa utambuzi upimwe kwanza kwa miguu yake wenyewe. Katika shauri la Waziri Amani, mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ilionya kwamba utambuzi wa macho ni ushahidi dhaifu usiopaswa kutegemewa mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe, ikataja muda, umbali, mwanga na kufahamiana. Chukua kihamba cha kawaida cha Kibosho, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, saa tatu usiku: migomba imefunga anga, mbalamwezi inafika chini vipande vipande, na taa ya sola iliyoning'inia mlangoni inammulika anayetoka ndani kuliko aliyesimama uani. Mjane wa marehemu anasema mwanga ulitosha. Taa ilikuwa wapi, ilimulika upande upi wa uso, na alimtazama mtu huyo kwa muda gani kabla hajakimbia? Rufaa ya kwanza inawapa majaji mamlaka ya kuupitia upya ushahidi wote, lakini swali ambalo halikuulizwa kizimbani halimo kwenye mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu zilizoandikwa mahakamani. Na kusema "ni jirani yangu, namjua" hakumalizi jambo, kwa kuwa watu hukosea hata ndugu zao, tena mchana.

Simaanishi kwamba alibai isubiri mlangoni mpaka hatia iwe imeshaamuliwa. Utetezi hupimwa pamoja na ushahidi mwingine wote. Wala sina huruma na kila mrufani. Mjane huyo akiwa alimtaja jirani kwa jina usiku uleule, mbele ya waliokuja kwa mayowe na mwenyekiti wa kitongoji, hapo ushahidi wake una nguvu ambayo Mahakama ya Rufani imeitambua waziwazi, na "nilikuwa Arusha kwa shemeji" isiyo na shemeji wa kuisema haiwezi kuutikisa. Akiwa alikaa siku kadhaa ndipo akataja jina, upande wa mashtaka ndio unaodaiwa maelezo.

Kinachonikera zaidi hutokea mapema, kituo cha polisi. Mtuhumiwa anayeandikwa maelezo akasema alikuwa kwa shemeji anapaswa kuulizwa jina la shemeji, mtaa na waliomwona, na mpelelezi aende huko wiki hiyohiyo. Baada ya miaka mahabusu, shemeji atakuwa amehama au amesahau ilikuwa Jumanne ipi, na Jamhuri itasimama kusema kwamba mrufani hakuleta shahidi.