Macho haya ya bluu kayatoa wapi?

Kila baada ya muda picha ya aina hii huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: mtoto mweusi ti, macho ya bluu yanayong'aa, pengine na shungi la nywele nyeupe juu ya paji la uso. Wa kwanza atasema ni lenzi. Wa pili atasema aulizwe mama yake.

Mtoto kama huyo huenda ana sindromu ya Waardenburg, iliyopewa jina la Petrus Johannes Waardenburg, daktari wa macho wa Uholanzi aliyeieleza mwaka 1951. Chanzo chake ni seli za rangi. Mimba ikiwa changa, seli hizo husafiri kutoka upande wa mgongo wa kijusi kwenda kwenye ngozi, nywele na macho, na nyingine huishia ndani ya sikio, ambako zisipokuwepo mtoto hasikii. Jeni inayoongoza safari hiyo ikiwa na hitilafu, rangi inakosekana huku na usikivu kule. Sindromu hii ina aina nne. Katika aina ya kwanza ni jeni ya PAX3, kwenye kromosomu ya 2. Katika aina ya pili mara nyingi ni MITF au SOX10. Katika aina hizi mbili, mara nyingi mzazi mmoja akiwa na hitilafu hiyo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Na mzazi huyo anaweza kabisa kuwa baba.

Je, mtoto huyo apimwe vinasaba, yaani DNA? Wanaotetea kipimo hicho wanaanzia hapo: karatasi ya maabara inamvua mama lawama. Nakubali, ila kwetu neno lenyewe lina mzigo. Ukisema "DNA" Tanzania, watu wanawaza Mkemia Mkuu wa Serikali na kesi ya nani baba. Na kweli, wazazi wakipimwa pamoja na mtoto, siri ya namna hiyo inaweza kufumuka bila mtu kuitafuta. Familia iambiwe hilo kabla damu haijachukuliwa, si baada.

Kuna la pili. Kanzidata za kulinganishia majibu zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, hivyo sampuli ya Mwafrika ina nafasi kubwa zaidi ya kurudi na jibu la "badiliko limeonekana, maana yake haijulikani". Umelipa, umesubiri, umebaki pale pale. Hata jibu likiwa wazi, haliwezi kutabiri ukali: ndugu wawili wenye hitilafu ileile, mmoja ni kiziwi kabisa, mwenzake ana shungi tu.

Lakini wanaosema kipimo hiki ni anasa nao wanakosea. Katika aina ya nne, utumbo mpana hukosa baadhi ya neva zake, choo kinakwama na tumbo la kichanga linafura. Hiyo ni kazi ya upasuaji. Aina hiyo inaweza kutoka kwa wazazi wawili wasio na dalili yoyote, na hesabu ya mtoto anayefuata inabadilika: kama wote wawili wamebeba jeni yenye hitilafu bila wao kuugua, ni robo, si nusu. Huwezi kuyajua hayo kwa kutazama macho.

Kwa aina ya kwanza, hata hivyo, rula inatosha kuanzia. Daktari anapima umbali kati ya pembe za ndani za macho, kati ya mboni, na kati ya pembe za nje, kisha anapiga hesabu kuona kama pembe za ndani zimeachana kupita kawaida. Halafu anauliza: nani kwenu aliota mvi kabla ya miaka 30? Hapo ndipo watu hunyamaza, kwa sababu shangazi mwenye shungi jeupe amelipaka piko tangu usichana na wajukuu hawajawahi kuliona.

Ningekuwa mzazi mwenye fedha ya jambo moja tu, ningeanza na kipimo cha usikivu, wiki hiyohiyo. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili wanapandikiza vifaa vya usikivu tangu 2017, na mtoto anayechelewa kusikia anachelewa kupata lugha, iwe ya mdomo au ya alama. Jeni haibadiliki, inaweza kungoja mwaka. Sikio la mtoto wa miezi minane haliwezi, na mama anayegonga sufuria nyuma ya kisogo chake bila yeye kugeuka anajua tayari kuna tatizo. Shangazi naye aombwe picha zake za zamani, za kabla ya piko.