Msitu Huota Tena, Kinu cha Mwamba Hakioti

Agosti 2020 radi ziliwasha moto katika milima ya Santa Cruz, na moto huo ukapita karibu eneo lote la Big Basin, hifadhi ya jimbo kongwe kuliko zote California, iliyoanzishwa 1902. Misekwoya mingi, ile miti mirefu sana ya hifadhi hiyo, ilinusurika. Gome la mti huu hufikia unene wa sentimita 30, na ndani yake kuna machipukizi yaliyolala. Haukupita muda mrefu vigogo vilivyoungua vikavaa majani mabichi. Lakini ofisi kuu ya hifadhi, jengo la magogo lililojengwa 1936 na vijana wa Civilian Conservation Corps, mpango wa serikali wa kuwapa vijana kazi, iliteketea, na hakuna chipukizi litakaloirudisha.

Askari wa hifadhi ya jimbo nchini Marekani hukabidhiwa amana mbili: urithi wa asili na urithi wa kitamaduni. Huzungumziwa kama pacha, lakini hazilindwi kwa namna moja. Asili ikipewa nafasi hujiponya. Alama ya mkono wa mtu ikifutika imefutika. Kwa hiyo ningetaka askari mpya afundishwe mambo ya kale mapema na kwa uzito uleule wa uokoaji na ulinzi, maana yeye ndiye hufika mahali kabla ya mtaalamu yeyote, na la kwanza analofanya ndilo mara nyingi huamua kitakachobaki.

Tazama Indian Grinding Rock, wilaya ya Amador. Pale pana mwamba wa chokaa uliotobolewa vinu 1,185. Kwa vizazi vingi Wamiwok, wenyeji wa asili wa eneo hilo, walitwanga humo mbegu za mwaloni, na pembeni mwa vinu wakachonga michoro 363. Chokaa ni jiwe laini. Viatu huusaga mwamba kidogo kidogo, maji yanayotuama kwenye vinu huganda wakati wa baridi na kupasua kingo, na mtu anayejaza mistari ya mchoro kwa chaki ili apate picha nzuri huacha unga ndani ya vitundu vya jiwe. Anayetaka picha iliyo wazi asiguse kitu. Asubiri jua la asubuhi au la jioni, lipige kwa ubavu, vivuli vitachora mistari yote. Mtu akikwaruza jina lake mwambani, askari asichukue brashi na sabuni. Apige picha, aandike tarehe na vipimo, amwite mhifadhi wa mawe, na ahimize kazi ifanyike haraka, kwa kuwa jina moja huita la pili.

Jambo linalotokea mara nyingi zaidi ni mgeni kuja na ncha ya mshale kiganjani. Kosa limeshatendeka nusu. Askari akimkaripia, mgeni ataondoka na siri ya alipoiokota, na ncha isiyojulikana ilikotoka ni jiwe zuri tu. Amshukuru, kisha waende pamoja hadi mahali penyewe. Apige picha ya karibu yenye rula, na ya mbali inayoonyesha mti au mwamba wa kutambulisha mahali. Aandike usomaji wa GPS pamoja na kiwango chake cha makosa, na aeleze kama kitu kilikuwa juu ya ardhi au kimefichuliwa na mvua kwenye ukingo, na kama kuna vipande vingine jirani. Asikioshe: uchafu ule unaweza kuwa na mabaki ya damu au ya mimea, na ndiyo habari yenyewe. Kiende kwa mtaalamu wa akiolojia kikiwa na maelezo hayo yote. Na mahali pasitangazwe, hata kwa picha ya simu, kwa sababu picha hubeba ndani yake vipimo vya GPS vya mahali na waporaji wanajua kuyasoma.

Ikionekana mifupa ya binadamu, hakuna nafasi ya kubuni. Sheria ya California inataka uchimbaji usimame pale pale na mchunguzi wa vifo wa kaunti aarifiwe. Ana siku mbili za kazi kuamua. Akiona ni mifupa ya wenyeji wa asili, huijulisha tume ya jimbo ya urithi wao ndani ya saa 24. Tume humtafuta anayehesabiwa kuwa mzao wa karibu zaidi, naye ana saa 48 tangu aruhusiwe kufika mahali hapo kusema anavyotaka marehemu wake atendewe. Kazi ya askari katika muda huo ni ndogo na nzito: kuzuia watu, kufunika kwa kitambaa na si nailoni, kutoruhusu udongo uliochimbuliwa kuondolewa, kutopiga picha za kusambaza.

Majengo nayo huharibiwa sana na watu wenye nia njema. Ukuta wa matofali ya zamani ulijengwa kwa chokaa, ambayo ni laini kuliko tofali na hupitisha unyevu. Fundi akiziba nyufa kwa saruji, maji hukosa njia, hutokea kwenye tofali lenyewe, na uso wa tofali humeguka vipande. Mashine ya maji ya shinikizo hufanya uharibifu huo kwa mchana mmoja. Bodie, mji wa wachimba dhahabu ulio mita 2,550 juu ya usawa wa bahari, umekuwa hifadhi tangu 1962 na una kanuni ninayoiona bora kuliko ukarabati wa kung'arisha: kuoza kunazuiwa, upya hautafutwi. Paa huzibwa, madirisha hutiwa vioo, misingi huimarishwa. Rangi iliyobanduka inaachwa ilivyo. Paa hutangulia, maana theluji ikiingia ndani, sakafu na vyombo vyote huifuata.

Moto ndipo amana hizi mbili hugongana. Moto wa kupangwa una faida kwa msitu, na wenyeji wa asili waliutumia kwa karne nyingi. Lakini gogo nene likiungua kwa saa nyingi juu ya masalia, joto lake hupasua granaiti na kuharibu lile tabaka jembamba la maji kwenye mawe ya kioo cha volkano ambalo wataalamu hulitumia kukadiria umri. Siku za kabla, magogo na matawi makavu yaondolewe kwa mikono, yasiburutwe. Katika moto wa dharura adui mkubwa zaidi ni tingatinga: kinga moto moja, yaani ukanda unaofyekwa ili kuzuia moto, ikikatwa katikati ya jalala la kale la maganda ya chaza na konokono humaliza kwa dakika chache mpangilio uliojengeka kwa maelfu ya miaka. Dereva hana namna ya kujua. Askari anayejua mipaka ndiye aitie utepe kabla ya injini kuwashwa, na asimame pale na ramani mkononi, kwa kuwa usiku, kwenye moshi, utepe hauonekani.