Hiyo boti ya 1974 sio mtumba, tafadhalini

Jumamosi nilikuwa ufukweni hapa Kilifi napakia madumu ya maji kwenye dingi, kile kimashua cha kuendea boti, nikasikia kijana mmoja, fundi mzuri tu wa injini, anamwambia mgeni anayetafuta boti ya kununua, "Hiyo ndogo achana nayo bosi, ni mtumba, chukua ile kubwa." Hilo neno mtumba bado linaniuma mpaka leo, manake hizo boti zote mbili nimezisafiria, nimelala ndani yake, na hiyo ndogo nimeipiga msasa kwa mikono yangu.

Mnazijua, ziko pale kwenye kriki, zimetia nanga jirani. Zote ni za tanga. Ndogo ni Contessa 32 ya 1974, ya Uingereza, mita 9.75, tani nne na kitu. Kubwa ni Beneteau Oceanis 46.1 ya 2019, ya Ufaransa, zaidi ya mita 14 kutoka omo mpaka tezi, upana mita nne na nusu wakati ndogo haifiki mita tatu. Ukiziona pamoja ndogo inafanana na mtoto aliyeshikwa mkono na mama yake.

Mwendo, kubwa inashinda, hapo sibishani. Boti ndefu inakimbia zaidi, ndo maumbile ya maji, Contessa ikifika noti sita na nusu, yaani maili za bahari kwa saa, imemaliza uwezo wake, Oceanis inapita nane. Unguja mpaka Kilifi ni kama maili 150 za bahari, na kusi likiwa mgongoni kubwa inakuwahi kwa saa tano sita hivi. Halafu ina friji, vyumba, unasimama wima bila kuinamisha kichwa, na joto la Machi humo ndani linavumilika. Kwa familia inayokwenda Watamu wikendi, haya, nakubali, chukua kubwa.

Lakini huyo mgeni hakusema Watamu. Alisema anataka kwenda Madagascar, yeye na mkewe, watu wawili. Hapo ndo ninapokasirika.

Tuongee mkuku, ule uti mzito wa chini ya boti unaoizuia isipinduke. Kwenye Contessa karibu nusu ya uzito wote wa boti uko chini kwenye mkuku. Kwenye Oceanis ni kama robo, boti inasimama kwa ule upana wake zaidi, na upana unasaidia sana mpaka siku wimbi linapokulaza kabisa. Contessa inaweza kulala kupita digrii 150, yaani mlingoti umeshazama unaelekea chini, na bado ikageuka ikarudi. Sheria ya sasa ya boti za bahari kuu, kadiri boti inavyokuwa nzito ndivyo kiwango kinavyoshuka, mpaka kinagota kwenye 100 tu. Kwenye mashindano ya boti za tanga ya Fastnet, kule Uingereza, mwaka 1979 boti 303 zilitoka, dhoruba ikazikamata, wakafa wanamashindano 15, na kwenye kundi la boti ndogo kabisa iliyomaliza ni moja tu. Ilikuwa Contessa 32, inaitwa Assent.

Na kuna ile nyingine ambayo kila nikiikumbuka nahisi baridi, kwa sababu jina lake lina neno letu. Cheeki Rafiki. Ilikuwa Beneteau First 40.7, Mei 2014 inatoka Antigua inarudi Uingereza, mkuku ukakatika katikati ya Atlantiki. Watu wanne. Boti ikapatikana imepinduka, chelezo cha kujiokolea bado kimo mahali pake, hakikuguswa. Wachunguzi wa Uingereza walisema huenda kule kugonga chini kwa siku za nyuma na matengenezo yaliyofuata vilidhoofisha pale mkuku ulipofungwa. Sisemi Oceanis ni boti ile ile, sio, ila ndugu zangu, pwani hii kuna nani ambaye hajawahi kugonga fungu?

Mimi nimegonga na zote mbili. Na Contessa ilikuwa karibu na Wasini, maji yanakupwa, tulisikia mlio wa chini kama jiwe linaburutwa sakafuni, boti ikalala taratibu tukangoja maji yajae. Nilizama na miwani nikapapasa mkuku wote kwa vidole, nikakuta mchubuko wa upana wa kiganja, basi, jioni tukaendelea na safari. Na Oceanis tuligusa kidogo tu, mchanga mtupu, lakini tajiri mwenye boti hakulala siku tatu, anafungua ubao wa sakafu na tochi kila saa kuangalia kama kuna ufa pale bolti za mkuku zilipofungwa. Na hakuwa mwoga, alikuwa anajua anachokitafuta. Sasa huko Madagascar, kijijini, huo mkuku utaukagulia kwa kreni ipi?

Umeme nao. Tangi limejaa maji na hatuna ya kunywa kwa sababu pampu ya umeme imekufa, hilo limenikuta. Kwenye ndogo unakanyaga pampu ya mguu, maji yanatoka.

Ami yangu alikuwa nahodha wa jahazi, na alipoishika kana ya Contessa, ule mti wa kuongozea usukani, mara ya kwanza, ulivyokuwa unatetemeka kiganjani tukibisha na kaskazi, alinyamaza muda mrefu halafu akasema, "Hii inaongea." Kwenye yale magurudumu mawili ya Oceanis hakusema kitu.

Jumatano ni bamvua. Tutaiegemeza Contessa kwenye nguzo maji yakiwa yamejaa, yakipwa kama saa nne asubuhi itakuwa imesimama kwenye mchanga kwa mkuku wake yenyewe, tuisugue chaza na tuipake rangi kabla maji hayajarudi. Yule kijana fundi nimemwambia aje na brashi, na mgeni amesema atakuja na mkewe.