Bibi Alilazwa Mara Tatu, na Muuguzi Wake Hakukosea

Kazi yangu hapa Uingereza ndiyo ile ambayo watu wa nyumbani wakitutania wanaiita kuosha vikongwe. Sikasiriki, maana naosha kweli. Nafunga vifungo vya blauzi, nasukuma kigari, nachemsha chai, nahesabu vidonge, na zikitimia dakika thelathini natakiwa niwe mlangoni naelekea nyumba ya pili.

Kulikuwa na bibi mmoja wa miaka 87 aliyeishi peke yake. Siku moja nilikaa nikahesabu watu wanaoingia kwake ndani ya wiki: walezi wanne wa kupokezana, mimi mmojawapo, muuguzi wa kufunga vidonda, kijana wa duka la dawa, dereva wa kuleta chakula, na binti yake aliyekuja Jumapili kutoka mji mwingine. Wanane, na hakuna aliyejua mwenzake kafanya nini. Daktari wa moyo anaongeza dawa, daktari wa figo anapunguza, duka la dawa linaendelea kuleta ileile ya zamani.

Ndipo akapangiwa muuguzi mmoja wa kumsimamia. Maofisa ustawi wa jamii kwetu Tanzania huiita kazi hii usimamizi wa mashauri: mtu mmoja anamjua mzee, anamtembelea, anaongea na madaktari wote, na anayepigiwa simu mambo yakiharibika ni yeye. Siku ya kwanza muuguzi yule alikaa kwa bibi saa moja na nusu. Alifungua droo zote. Alikuta pakiti mbili za dawa zenye majina tofauti, ndani ni dawa ileile, na bibi alikuwa anameza zote mbili asubuhi. Kisha akatazama miguu iliyovimba, akasikiliza pumzi, akasema huyu haendelei kukaa hapa, aende hospitali leo.

Mwaka ule bibi alilazwa mara tatu. Mwaka uliotangulia, kabla ya muuguzi, alilazwa mara mbili. Kwenye jedwali la mtu wa bajeti bibi huyu amehesabiwa kama programu iliyoshindwa.

Kilichonifanya niandike ni maneno niliyoyasikia mara nyingi kwa wenzangu wa kazi hii: kwamba watafiti wanaosema usimamizi wa aina hii haupunguzi kulazwa hawajui kitu, sisi tunaona kwa macho. Nawaheshimu, lakini hapo wanakosea.

Jaribio kubwa la usimamizi huu Uingereza liliitwa Evercare. Lilianza mwaka 2003 katika maeneo tisa, likiletwa na kampuni ya Marekani, UnitedHealth. Kwao Marekani mpango huo ulikuwa umefanya kazi vizuri ndani ya makao ya wazee, na kulazwa kulipungua karibu nusu. Zingatieni hilo neno makao. Mle ndani saa nane za usiku kuna muuguzi kwenye korido, kuna dripu, kuna mtu wa kumgeuza mzee. Mzee akipata homa ya mapafu anatibiwa palepale kitandani. Walichofanya Waingereza ni kuuchukua mpango huo na kuupeleka kwa wazee wanaoishi majumbani kwao, ambako saa nane za usiku kuna mzee, paka na simu. Muuguzi anayemsimamia naye amelala kwake, kama binadamu yeyote.

Na hawakusubiri majibu. Mwaka 2004, jaribio likiwa bado linaendelea, serikali ilishatangaza kwamba kufikia 2008 itakuwa na matroni wa jamii zaidi ya 3,000 wa kufanya kazi hiyo nchi nzima. Tathmini ilitoka mwaka 2007 katika jarida la kitabibu la BMJ. Vituo 62 vya madaktari wa familia vilivyokuwa kwenye mpango vililinganishwa na vingine takriban 7,000 visivyokuwemo. Kwa wazee walio kwenye hatari kubwa, kulazwa kwa dharura kulionekana kupanda kwa asilimia 16.5, ila makadirio yenyewe yalitanuka kutoka kushuka kwa asilimia 5.7 hadi kupanda kwa asilimia 38.7. Maana yake hakuna ushahidi kwamba kulazwa kulipungua, wala hakuna wa kuapa kwamba kulipanda. Wazee na walezi wao, walipoulizwa, waliwasifu sana wauguzi wale.

Sasa, kwa nini wauguzi wenyewe na mameneja wao waliamini kwamba kulazwa kumeshuka? Kwa sababu kwenye madaftari yao kulishuka kweli. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Mchukue mama lishe. Anabadilisha muuzaji wa nyanya lini? Siku tenga limepanda bei mpaka anatukana. Anahamia kwa muuzaji mwingine. Wiki tatu baadaye bei imeshuka, naye anamsifu muuzaji mpya kwa majirani. Bei ingeshuka tu hata angebaki kwa yule wa zamani, maana nyanya hupanda na kushuka, na yeye alihama kileleni. Wazee nao huingizwa kwenye programu wakiwa kileleni: sharti la kuchaguliwa ni kwamba umelazwa kwa dharura mara mbili au zaidi mwaka uliopita. Watafiti wa Uingereza waliwafuatilia watu wa miaka 65 na kuendelea wenye sifa hiyo, bila programu yoyote, wakachapisha matokeo mwaka 2005. Katika mwaka wa kuchaguliwa, kundi hilo lilikuwa na asilimia 38 ya kulazwa kote kwa rika lao. Mwaka uliofuata, chini ya asilimia 10. Baada ya miaka mitano, asilimia 3 na kidogo. Wengine walipata nafuu, wengine walifariki. Mtu angewapa wazee hao kikombe cha kahawa kila Ijumaa, angeweza kuandika ripoti kwamba kahawa inazuia kulazwa.

Marekani waliupata mtihani huohuo katika mji wa Camden, jimbo la New Jersey, ingawa wagonjwa wa kule hawakuwa wazee peke yao, walikuwa watu wenye maradhi mengi na maisha magumu. Programu ile ilisifiwa kila mahali. Kisha, kwa heshima yao, walikubali kupimwa kwa kugawanya watu kwa kura ya bahati: watu 800, nusu wapate timu ya kuwasimamia, nusu wabaki na huduma ya kawaida. Matokeo yalichapishwa 2020. Waliopata timu, asilimia 62.3 walirudi kulazwa ndani ya siku 180. Wasiopata, asilimia 61.7. Ukilitazama kundi la kwanza peke yake, kulazwa kulishuka kwa karibu asilimia 38, na timu ilikuwa na kila haki ya kushangilia. Kundi la pili nalo lilishuka vilevile, bila timu.

Kwa hiyo nikisoma ripoti ya mradi wa kuwatembelea wazee majumbani, uwe wa Uingereza au wa kwetu, ikaniambia "kabla ya mradi" na "baada ya mradi" bila wazee wengine wa kulinganisha nao, naifunga. Samahani kwa walioiandika, najua wafadhili huwa wanataka kurasa nyingi.

Lakini kosa kubwa naliona limefanyika kabla hata ya kupima. Programu hizi ziliuzwa kwa ahadi ya kuokoa vitanda na fedha. Mtu wa bajeti aliambiwa: lipia muuguzi leo, utarudishiwa hela kesho. Ukishaahidi hivyo, kipimo chako kimeshachaguliwa, na muuguzi anayemkuta mzee na maji kwenye mapafu akamwahisha hospitali amejipunguzia alama mwenyewe. Watafiti wa Evercare wenyewe waliligusia hili: mpango uliwafikia wazee ambao shida zao hazikuwa zimejulikana. Ukimtafuta mgonjwa utampata. Kumbe yupo.

Ningeuliza mambo mengine. Kwanza vidonge, kwa sababu ni vya kuhesabika. Pili mlezi wa nyumbani: kuna dodoso la Zarit lenye maswali 22 la kupima mzigo wa anayemlea mzee, na sielewi kwa nini haliwekwi mbele. Yule binti wa Jumapili aliwahi kuniambia kwamba tangu muuguzi aje, simu ikilia usiku hashtuki tena. Hilo halikuandikwa popote.

Tatu ni uwezo wa mzee mwenyewe, na hapa ndipo nina ugomvi. Kipimo kinachotumika sana ni cha Katz, cha mwaka 1963, chenye mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka na kuhama kitandani, kuzuia haja, na kula. Ni kipimo kizuri na chepesi. Likizo iliyopita nilimpima nacho mama yangu, Tanga. Alipata sita kwa sita, anajitegemea kabisa. Anaoga mwenyewe, na ole wako uingie. Ila bomba liko uani, ngazi tatu chini, na ndoo iliyojaa haiwezi. Binti wa jirani asipoingia asubuhi, mama hajaoga, hajatawadha vizuri, na hatakunywa maji ya kutosha kwa sababu anayabania. Kwa Katz ni sita. Kwa ndoo ni sifuri. Kipimo kilichotengenezwa mahali penye maji ndani hakiwezi kuliona hilo, na anayekileta kwetu kama kilivyo atatuandikia wazee wengi wazima ambao wana kiu.

Huyo binti wa jirani ndiye msimamizi wa mashauri wa mama. Hajui kama anaitwa hivyo. Tunamlipa kila mwezi kwa M-Pesa, sisi watoto watatu, na kundi letu la WhatsApp ndiyo ofisi. Anampeleka kliniki ya presha, anasimama naye kwenye dirisha la wazee, akiambiwa dawa hakuna kanunueni nje ananipiga picha ya cheti. Kaka yangu aliye Dar, ambaye ni mhasibu na hawezi kujizuia, aliuliza mwezi wa nne kama tunapata thamani ya fedha yetu, maana mama kaenda hospitali mara nyingi zaidi mwaka huu kuliko mwaka jana. Nilicheka peke yangu kwenye basi. Kisha nikakasirika, kisha nikaona ana haki ya kuuliza, ila ameuliza swali la mtu wa bajeti wa Uingereza.

Nilimtumia kaka jibu refu kuhusu nyanya. Hakujibu.

Tukakubaliana binti awe na daftari. Kila siku mistari minne tu: maji ndoo ngapi, dawa zimemezwa au la, nani kaja kumsalimia, na mama mwenyewe kasema nini. Huo mstari wa nne ni wangu, niliung'ang'ania. Kaka alitaka presha ya kila siku badala yake, mwishoni tukaiweka kama mstari wa tano.

Jana binti alinitumia picha ya ukurasa. Ndoo mbili. Dawa zote. Kaja Mzee wa msikitini na mke wake. Presha haikupimwa, betri imekwisha. Na kwenye mstari wa nne, kwa mwandiko wake wa kulala upande: "Bibi kasema mwambieni wa Ulaya asitume tena zile soksi, zinabana."