Rafu Kwenye Bao: Acha Kufuata Mkono, Tazama Shimo la Mwisho

Kwenye mabaraza ya bao, kuanzia Mikindani mpaka Lindi mjini, hakosekani mtu ambaye akiwepo huitwa fundi na akishaondoka huitwa mwizi. Anacheza haraka, mkono ukipita huuoni, na kete yake ya mwisho inaangukia pale pale anapopataka. Anayekwenda kukaa naye hupewa ushauri mmoja: "Mwangalie mkono." Ushauri huo, kwa maoni yangu, ndio unaowaponza watu. Mkono wa mtu aliyezeekea kwenye bao huwezi kuufuata, na yeye anajua kwamba huwezi. Ukiukodolea macho unaona vidole tu, na hesabu inakupita.

Bao la kiswahili halina siri. Mashimo 32, kete 64, hakuna dadu wala karata iliyofunikwa. Kabla mpinzani hajaokota, unaweza kuhesabu kete zake na kujua ya mwisho itaanguka wapi. Basi hesabu kwanza, peleka jicho kwenye shimo hilo la mwisho, ungoje. Mkono ukiishia pengine, kuna kete imerukishwa shimo au mbili zimetua pamoja, na huhitaji kujua ilifanyika wapi ili usimamishe mchezo.

Tuchukue mfano wa kwenye namua, yaani sehemu ya kwanza ya mchezo, ya kuingiza kete za akiba ubaoni moja moja. Mpinzani amekula, yaani amechukua, kete zako 6 katika shimo la katikati, akaamua kuanzia kichwa cha kushoto kwake, yaani shimo la mwisho la mstari wa mbele upande huo. Mstari wa mbele una mashimo manane, na nyumba, lile shimo la mraba linaloanza na kete 6, ni la tano ukihesabu kutoka kushoto, yaani la nne kutoka kulia. Kete 6 zinaishia shimo la sita, lile linalopakana na nyumba kwa kulia. Tuseme shimo hilo ni tupu. Hapo analala, zamu ni yako. Sasa angalia rafu inamletea nini: akidondosha mbili katika shimo la pili, kete ya mwisho inatua nyumbani. Kama shimo lako linaloelekea nyumba yake lina kete, anakula tena. Kama ni tupu, ana hiari ya kusimama au kusafiri na nyumba nzima, yaani kuokota kete zake zote na kuendelea. Kete moja iliyokaa vibaya imegeuza kulala kuwa safari ya kete kumi na kitu. Ndiyo sababu rafu nyingi za namua huzunguka nyumba. Kariri namba hizi mbili: kete 5 kutoka kichwa cha kushoto na kete 4 kutoka kichwa cha kulia hufika nyumbani. Mtu akila 6 au 5, mtazame mara mbili.

Kwenye mtaji, yaani sehemu ya pili, kete za kunamua zikishaisha, hesabu ni ya mzunguko wa mashimo 16 ya upande mmoja. Kete 16 zingerudi zilikotoka, na 15 huishia shimo moja kabla ya pale zilipoanzia. Shimo lenye kete 16 au zaidi haliruhusiwi kuanzisha mtaji, na hapa wapo wanaookota shimo lililojaa mno haraka haraka ili usipate nafasi ya kuhesabu. Shimo likishaanza kuonekana kama kilima, lihesabu wakati wa zamu yako, usingoje ya kwake.

Ugumu unakuja pale kete ya mwisho inapoangukia shimo lenye kete naye akaokota na kuendelea, mara tatu, mara tano, bila kulala. Hapo huwezi kuwa umehesabu yote kabla. Dawa ni makubaliano: kila anapookota upya, asimame kidogo kabla ya kudondosha. Wachezaji safi hawakatai. Anayesema kusimama kunamharibia mchezo ameshakujibu.

Sasa kete zenyewe. Pwani yetu kete nzuri ni komwe. Ni ngumu, laini, zinalingana ukubwa, na zina mlio juu ya ubao. Vijiwe vya kuokoteza ni nafuu ya mwizi, kwa kuwa vidogo vinajificha chini ya vikubwa na huwezi kuhesabu shimo kwa jicho. Komwe zikidondoshwa moja moja zinalia moja moja, na mbili zikiachiwa pamoja mlio unagongana. Sikio lililozoea hulisikia hilo kabla ya jicho. Mtu anayepiga kelele au kuimba kila anapodondosha huenda ni mchangamfu tu, lakini mwombe anyamaze wakati wa kete.

Wizi wenyewe, wa kuondoa kete mchezoni, hufanyika kiganjani. Mkono wenye komwe tisa au kumi umejaa, na kidole cha mwisho kinaweza kubana moja kwenye kiganja mpaka zamu ikapita. Kete hiyo hurudi baadaye anapohitaji kufika shimo moja mbele. Kuna dawa mbili rahisi. Kwanza, kete huokotwa na kudondoshwa kwa mkono mmoja, na zamu ikiisha kiganja kinafunguliwa juu ya ubao. Pili, mikono haishuki chini ya ubao wala haiingii mfukoni mchezo ukiendelea.

Kwenye namua kuna kipimo kizuri zaidi, na nashangaa ni wachache wanaokitumia. Kila mmoja anaanza na kete 6 nyumbani, 2 na 2 katika mashimo mawili ya kulia kwake, na 22 za kunamua. Kila zamu inaingiza kete moja tu. Kwa hiyo mkishacheza mara kumi kila mmoja, kila upande lazima ubakiwe na 12, na ubaoni ziwe 40. Anayeingiza mbili, au anayesahau kuingiza, anajulikana papo hapo. Ila kipimo hiki hakifanyi kazi kama kete za kunamua zimefumbatwa kiganjani au zimewekwa kwenye kikapu kando ya goti. Ziwekwe kwenye ghala la ubao, au kwenye kifuu au sahani bapa, mahali ambapo wote wawili mnaziona.

Usichanganye mambo mawili, lakini. Kuhesabu 64 kunakamata kete iliyoibwa. Hakukamati kete iliyokaa shimo lisilo lake. Wapo wanaohesabu ubao mzima, wanakuta 64, wanamwomba jamaa msamaha, kumbe wameliwa vizuri kabisa.

Rafu ya mwelekeo haihitaji hata wepesi wa mkono, inahitaji mpinzani asiyejua kanuni. Akila kwenye kimbi, yaani mashimo mawili ya pembeni kila upande, hana hiari: anaanzia kichwa cha upande huo huo. Akila kwenye mashimo manne ya katikati anapoanza zamu yake ya namua, anachagua kichwa. Lakini akiendelea kula ndani ya zamu hiyo hiyo, hapewi chaguo jipya. Mwelekeo unabaki ule aliokuja nao, na unageuka tu pale kimbi kinapolazimisha. Janja ni kugeuka katikati ya zamu ndefu kana kwamba anaanza upya, wakati watazamaji wanashangilia. Ukiona anakwenda kichwa kingine, swali ni moja: "Umekula kimbi?" Kama hakula kimbi, arudi.

Nyumba nayo ina wajanja wake. Heshima ya nyumba, ile hiari ya kusimama au kusafiri, ipo wakati ina kete 6 au zaidi na haijawahi kuchezwa. Ikishasafiri au ikishaliwa imekwisha, inakuwa shimo kama mashimo mengine, hata ikijaa tena mpaka ikafurika. Mtu mjanja huendelea kusimama nyumbani dakika ishirini baada ya kuivunja, kwa kuwa shimo bado ni la mraba na macho yamezoea. Basi siku nyumba inavunjika, isemwe kwa sauti na watazamaji wasikie: "Nyumba ya huyu imevunjika." Hao ndio mashahidi wako.

Halafu kuna kuficha mtaji, hapa kwa maana ya nafasi ya kula. Kula ni lazima. Mwenye nafasi ya kula hana ruhusa ya kutakata, yaani kucheza bila kula, hata kama kula kunamharibia. Wapo wanaojifanya hawakuona ili kuilinda nyumba, wanatakata haraka na kupeleka macho pembeni. Mwambie kabla hajadondosha kete ya pili. Ukingoja amalize ndipo useme, ubao umeshabadilika na hamtakubaliana ulivyokuwa.

Suala la kurudisha ubao ndilo linalozaa ugomvi kuliko rafu yenyewe. Zamu ndefu ikishachezwa yote, hakuna anayeweza kuirudisha kwa uhakika, na kila mmoja atakumbuka kinachomfaa. Ndiyo maana nasema simamisha mapema, kwenye shimo lile lile ulilolishuku. Mkiwa mnacheza kwa kitu cha maana, mtazamaji mmoja apige picha ya ubao kwa simu namua inapoisha, na tena kila baada ya zamu chache. Simu hiyo pia ndiyo kinga dhidi ya yule anayeona anashindwa kisha "kwa bahati mbaya" goti likagonga ubao. Bila picha, ubao uliomwagika ni mchezo uliokufa. Ukiwa na picha, mnapanga upya na kuendelea, naye goti linatulia.

Namna ya kusema nayo ni ufundi. Kusini kwetu anayecheza na wewe mara nyingi ni mtu mzima kuliko wewe, mjomba wako au rafiki wa mjomba wako. Ukimwambia mbele ya watu "umeiba", umeshindwa hata kama una haki, maana mazungumzo yatahama kutoka kwenye kete yaende kwenye adabu zako. Sema: "Mjomba, naomba turudie hizo, sijazifuata." Lawama umeibeba wewe, lakini kete zinarudiwa, polepole, watu wote wakitazama. Zikiishia shimo tofauti, hakuna haja ya kuongeza neno. Ombi hilo hilo likirudiwa mara ya tatu jioni moja, baraza zima limeshaelewa.

Kabla ya yote hayo, hakikisheni mnacheza mchezo mmoja. Mtu aliyezoea bao la kujifunza, lile la kupanga kete mbili mbili katika kila shimo bila namua, anaweza kukukalia akacheza kwa kanuni zake bila nia mbaya yoyote. Kuna pia vijiji vya bara, Newala na Masasi huko, ambako utakutana na tofauti za hapa na pale. Dakika mbili za kuulizana kuhusu kimbi, nyumba na takasia (kufungiwa shimo, naieleza hapa chini) zinaondoa nusu ya tuhuma.

Na kuna mambo watu huyaita rafu ambayo si rafu hata kidogo. Takasia ni mojawapo. Mpinzani ametakata, wewe huna cha kula, naye shimo analolitishia ni moja tu: shimo hilo limefungwa, huruhusiwi kulitakatia. Inauma, lakini ni kanuni. Dai haki yako pale anapoivuka, kwa maana takasia haifungi nyumba iliyo hai, wala shimo lako pekee lenye kete mstari wa mbele, wala lile pekee lenye kete mbili au zaidi. Kumvunjia mtu nyumba mapema kabisa nako si uhuni. Kucheza haraka si uhuni, ilimradi kete zinafika. Kejeli ni sehemu ya bao, na asiyeziweza maneno ya baraza atafute mchezo wa peke yake. Hata Mwalimu Nyerere alikuwa mchezaji wa bao, na sidhani kama waliokaa naye walicheza kimya.

Watazamaji wanaonong'ona mimi nawaweka katika rafu, hata kama wengi watanipinga. Mtu akikuambia "usile hapo" ukasikia, mpinzani wako sasa anacheza na wawili. Mkubaliane mwanzoni: anayesema mtaji wa mtu anainuka barazani mpaka mchezo uishe. Msimu wa korosho, hela zikishaingia mifukoni na watu wakaanza kuwekeana dau, kanuni hii ndiyo ya kwanza kuvunjwa na ndiyo inayohitajika zaidi.

Kuhusu kulipiza, mtu akikuibia kete nawe ukamwibia, umepoteza haki ya kusema "turudie". Silaha yako pekee dhidi ya mkono mwepesi ni kuomba kete zihesabiwe mbele ya watu, na huwezi kuomba hivyo ukiwa na komwe moja kiganjani. Afadhali ushindwe mchezo huo, kisha unaofuata ukatae kuanza mpaka sahani ya kete iwekwe katikati na viganja vifunguliwe kila zamu. Akikataa masharti hayo, mpishe mwingine akae.